Nimemshika Baba Mkono

Baba Kisa, mume wangu,

Huku Njisi, mwanetu Kisa ameota jino, na mpunga umeanza kuchanua. Nakuandikia kwa kuwa kwenye simu baba yako angesikia.

Ule ugonjwa wake wa utumbo umerudi. Daktari alisema dawa ni za kila siku, lakini alipopata nafuu akaziacha. Jana mama alikuwa gulioni Ipinda, nikamkuta baba ameanguka njia ya chooni, suruali imelowa damu. Unajua mila yetu, mkamwana hata kumtazama mkwe ni mwiko. Akajifunika uso kwa shati.

“Mkamwana, pita mbali!”

“Baba, nikipita mbali nani atakuinua?”

Nikamwinua. Amekuwa mwepesi, mume wangu, mpaka nikaogopa. Nilimfikisha kitandani, nikaenda kulia jikoni. Sikujua kama nimemsaidia au nimemvunjia heshima.

Asubuhi hii nikapita nimegeuza uso, nikasikia, “Mama Kisa, niletee maji nimeze dawa.” Nikampa mkononi. Akanishukuru, “Ndaga, mwanangu.”

Damu bado inatoka. Njoo tumpeleke hospitali angali amekubali kusaidiwa.

Mkeo anayekungoja,
Angetile