Ziwa Nililomtia Solange Kichwani

Alhamisi, katikati ya kiangazi. Asubuhi baridi ya kuvalia sweta, mchana vumbi jekundu mpaka ndani ya cherehani. Nimechoka. Si uchovu wa mikono, huo nimeuzoea. Huu ni wa kichwa.

Leo mwanangu nusura amuue mtoto wa watu.

Naandika kwa ukali, najua. Solange ana miaka kumi tu na hana ubaya. Lakini aliwachukua wenzake wawili wa hapa mtaani Kasulo, akawapeleka upande wa mgodi wa Mashamba, kwenye shimo la zamani la shaba lililojaa maji, eti awafundishe kuogelea. Yeye mwenyewe hajui kuogelea! Kapinga, mtoto wa jirani, akateleza, akazama. Bahati nzuri akina mama walikuwa ukingoni wakiosha mawe ya madini, na mmoja akamdaka nguo akamvuta.

Mama Kapinga alikuja kwangu amemshika mtoto mkono, nywele bado zinachuruzika maji. Nilikuwa tayari kwa matusi. Hakutukana. Alisema tu, "Mama Solange, mutoto yako anasema we njo ulimufundisha." Kisha akaenda zake.

Mimi ndiye niliyemfundisha? Mimi sijawahi kumpeleka mtoto huyu hata mtoni.

Nilipomuuliza, Solange alinitazama kama mtu anayeonewa. "Lakini mama, si we njo unasemaka batoto ba Kalemie banajuaka kuogelea mbele ya kujua kusoma?"

Ndiyo, nimesema. Nimesema sana. Nilizaliwa Kalemie, mji uliobanwa kati ya ziwa Tanganyika na milima, na tangu niolewe huku Kolwezi sijarudi. Umeme ukikatika namweka Solange karibu namsimulia: soko linavyochangamka mitumbwi ikifika, mikebuka, wale samaki wa ziwani, inavyokaangwa papo hapo, tulivyokuwa tunapanda mlimani kuchuma mapera na kushuka mbio mpaka majini. Labda namsimulia yeye, labda najisimulia mwenyewe. Mtu akiishi mahali ambapo hata nyuma ya nyumba ya jirani kuna shimo la madini, hutafuta pa kupumzishia macho.

Kitu kimoja sikumwambia. Mama yangu alikuwa anaketi mchangani na fimbo. Hakuingia majini, lakini macho hakuyabandua. Ukipita maji ya kiunoni, fimbo inakungoja. Na kule mto Lukuga unakotokea ziwani, penye mkondo na mamba, hatukuthubutu hata kunawa miguu. Hatukuzaliwa tunajua kuogelea. Tulichungwa. Fimbo niliitoa kwenye hadithi ili hadithi iwe tamu.

Mchana niliacha sare za watu mezani nikaenda kuliona hilo shimo. Nilitaka kulichukia. Maji yalikuwa ya kijani, yametulia kabisa, na nyuma yake rundo la udongo wa mgodi, refu, ambalo kwa mbali ungesema ni mlima. Nilisimama pale muda mrefu kuliko ilivyofaa.

Nilitamani kuingia.

Hapo nikamwelewa mtoto, na kumwelewa kukanitisha, maana nilijua atarudi. Nikimchapa, atarudi. Nikimkataza, mimi nashona tangu asubuhi hadi jioni, nani atakuwa na macho naye? Baba yake ni dereva wa lori, yuko kwenye foleni mpakani. Kwenye simu alisema, "We njo ulimutia ile ziwa mu kichwa. Sasa uitoe." Ni kweli. Na kweli inauma zaidi ikitoka kwa mtu ambaye hayupo.

Nikampigia dada yangu mkubwa, aliyebaki Kalemie, kumwomba ampokee Solange, ajifunze kuogelea akichungwa. Hakunificha kitu: ziwa limepanda, limekula jiko lake na njia ya sokoni, wamehamia juu kidogo, mlimani. "Lakini umutume tu," alisema. "Nitamuchunga. Mi sina masini ya kushona." Alikuwa ananitania. Nikacheka, kisha nikalia, na sijui hata machozi yalianzia wapi.

Nimekubali. Shule imefungwa. Ataondoka na mama mmoja wa parokia yetu anayesafiri kwenda huko, na akizoea, atasoma huko huko. Mimi siwezi kwenda. Kuna wadogo zake, na lori likikwama mpakani ni cherehani hii inayotulisha. Nimelifikiria kila upande na jibu ni lile lile. Heri nimkose akiwa hai.

Nilimwambia alipopanda kitandani. Alirukaruka mpaka mbao zikalia. Akauliza kama ziwa lina mawimbi, kama kule kuna watoto wa rika lake, kama mkebuka una miiba mingi. Nikamjibu yote. Nikamfunika blanketi, nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikingoja aniulize kama na mimi ninakwenda.

Akalala.