Eda ya Mume Aliye Hai

Bujumbura

Mke wangu, Mama Zuhura,

Assalaam aleikum. Kaa kitako kwanza, ndipo uendelee kusoma. Hujambo wewe? Zuhura wetu hajambo, na kile kifua chake kimepoa? Mimi ni mzima wa afya, habari ambayo nasikia huko Ujiji haijawafikia.

Bwana Nasoro, yule Mwarabu wa duka la vitenge hapa Jabe, amerudi kutoka kwenu. Aliponiona mlangoni kwake aliushika mkono wangu akaubinyabinya kama anayechagua embe. Akanieleza kwamba kuna basi lilichomwa njiani, Rajabu mmoja alikuwamo, nanyi mmeshanisomea hitima. Wewe uko ndani, umekaa eda. Nililia mbele za wateja, wala sikuona haya.

Najuta, mke wangu. Ni mimi niliyekuambia siku ya kuondoka: nisipoandika, ujue hakuna jipya, ni mzima. Uliniuliza kama nina hakika, nikakucheka. Ukaletewa habari ya kifo, ukangoja neno langu, usipate kitu.

Na kazini tumeponzwa na akili hiyo hiyo. Niko Zone Industrielle, mtaa wa viwanda, kwenye chumba cha mitambo ya maji. Kila tangi la mlimani lina kisanduku chenye redio. Zamani mashine yetu iliviita kimoja kimoja kwa namba yake, nacho kinajibu: maji yamefika hapa, pampu inazunguka. Tangu nchi jirani zituwekee vikwazo vya biashara betri ni shida, basi tukavipangia visiseme mpaka kitu kibadilike. Kikinyamaza, skrini inabaki na jibu la mwisho. Cha tangi la Gihosha kikanyamaza, sisi tukaona tangi limejaa, tukanywa chai. Kumbe betri imeibwa na tangi limekauka. Akina mama wa huko walishuka bondeni kuchota maji, kwenye risasi, na mmoja alipigwa mguu.

Mkubwa wetu, Nestori, Mrundi mpole, hakumfokea mtu. Alisema tu, "Apana, bandugu. Mutu akinyamaza, huwezi kujua kama iko muzima ao amekufa. Sasa tutaziuliza zote, hata kama haziko na kitu ya kusema."

Hiyo ilikuwa kesho yake baada ya kutoka kwa Bwana Nasoro. Nilishindwa kuinua uso.

Siwezi kuja sasa. Barabara haipitiki na meli zimesimama; wanaopenya ni wafanyabiashara wachache kwa mitumbwi ya usiku, nami kazini siachiwi. Barua hii anakuletea mdogo wake Nasoro, naye ameniona kwa macho yake. Nimesikia pia kuna bwana anapitapita kwa baba yako, anangoja eda iishe. Simlaumu, angejuaje? Lakini wewe nakuuliza, na unijibu kweli: bado unanitaka? Kama moyo wako umeshanizika, sema, sitakulazimisha. Kama bado, kuanzia leo kila msafiri atakayetoka huku atabeba salamu zangu, hata ziwe za kukuambia nimekula maharage.

Nisalimie baba mkwe, mwambie sifa za pilau ya hitima yangu zimefika. Msalimie dada yangu mkubwa, aliyelia mpaka sauti ikamkauka, na shangazi yako anayekulinda hapo mlangoni. Mwambie akupishe.

Vua hizo nguo za eda, utoke barazani mchana kweupe. Hujafiwa.

Mumeo,
Rajabu