Ndege Iliyozunguka Ziwa

Jumanne, 4 Machi
Kahawa kijiweni Buhongwa, kama kila asubuhi. Ubishi wa leo: nani alipie kuongoza ndege. Bwire, karani mstaafu, anasema serikali ilipe kwa kodi na isimamie yenyewe, anga ni la wote. Mimi nikakataa. Ndege ikiongozwa inalipa ada. Hiyo ada ibaki kwa waongozaji, wawe na bodi yao, waajiri watu wa kutosha. Wakanicheka. "Maduhu, wewe ulifyeka nyasi tu pale uwanja wa ndege." Miaka yote nimewaambia niliongoza ndege kwa bendera. Imeniuma.

Jumatano, 5 Machi
Redioni mada hiyohiyo. Nikapiga simu. Nikasema mpwa wangu Kabula anaongoza ndege uwanja mmoja ng'ambo ya ziwa, zamu nzima peke yake. Hanywi maji kazini, asije akabanwa. Hilo kweli, aliniambia mwenyewe Krismasi. Mtangazaji ananisikiliza. Utamu ukanipanda. Nikaongeza kwamba siku moja ndege ilizunguka ziwa mara saba ikimsubiri atoke chooni. Hiyo nilitunga palepale.

Kijiwe kizima leo wananiita mtaalamu.

Ijumaa, 7 Machi
Dada kapiga simu, analia. Kabula kaitwa na mkuu wake ajieleze: ndege gani ilizunguka? Kazi inaweza kwenda. Ndiye anayesomesha wadogo zake. Mjinga mimi.

Jumatatu, 10 Machi
Nimevuka na meli, nimevaa koti la harusi. Mkuu wa Kabula ni kijana mpole. Nikamwambia ile ndege niliitunga. Akasema, "Usijali mzee. Mpwa wako alishaeleza kuwa mjomba wake ni muongo. Tukauliza watu wa kwenu. Wote wamethibitisha." Kazi imepona. Masikio yakawaka moto.

Nikasema lakini kukaa peke yake ni kweli, mpeni mwenzake. Akatabasamu. "Sawa mzee, safari njema."

Kabula alinisindikiza mpaka getini. Hakuniangalia. "Mjomba, tulikuwa tunaomba mtu wa pili tangu mwaka jana. Sasa tukigusia hilo wanatuuliza kama ni stori za mjomba." Akasema shikamoo, akarudi kazini. Hata marahaba sikuitikia.

Nilipata jambo moja la kweli maishani, nikaliharibu.

Alhamisi, 13 Machi
Kijiweni. Bwire kasema amefikiri, labda kweli ada ibaki kwa waongozaji. Halafu akaniuliza kwa upole, "Hivi yule binti anakaa peke yake kweli?" Nikasema ndiyo. Wakaangua kicheko, na yeye akacheka.

Ndege ilipita juu kuelekea ziwani. Nikainuka.

Nimerudi nyumbani, nikamimina maji. Kabula yuko zamu saa hizi. Kikombe kiko hapa mezani, bado kimejaa.