Mchunga Mbuzi Aliyefika Burma

Kintinku, Jumanne jioni

Na huu mdomo wangu, iko siku nitaushona kwa uzi wa gunia.

Bwana Shauri, yule ofisa Mzungu wa wilaya, ametuletea shuleni unga wa uji, ili watoto wasiache masomo kwa njaa. Kaka hakutikisika: binti yake Esta aache darasa la tatu, akachunge mbuzi.

"Serikali imeleta unga, haijaleta mchungaji."

"Mchungaji mimi hapa!" nikasema mbele ya watu. "Nimefika Burma vitani, mbuzi watanishinda?"

Kaka akanikabidhi fimbo papo hapo.

Esta akacheka. "Baba mdogo, jihadhari na yule beberu mweusi. Anapiga watu pembe."

Naogopa kweli. Nikishindwa, kaka atamtoa shule.

Mababu wa mbuzi hao ndio walionitoa mimi darasa la pili. Esta hawampati.