Friza ya Rafiki

Alhamisi, 11 Septemba 2025

Imekuja! Barua pepe kutoka Nairobi. Wananitaka kwa mahojiano Jumatatu tarehe 22, uso kwa uso, kazi ya uhasibu kwenye shirika jipya. Nauli ya ndege hadi huko ng'ambo ya mpaka ni juu yangu. Nimeisoma mara nne, na mara ya nne ndipo nikaiona vizuri hiyo sehemu ya nauli.

Miezi minne bila kazi, tangu shirika letu la misaada lifungwe. Akiba imebaki ya unga tu. Basi niuze vitu. Nimepiga picha sofa, televisheni na friza, nikaziweka kwenye lile kundi la Fesibuku la kuuza na kununua. Shangazi Akuac, ninayekaa naye hapa mtaa wa New Site, amezunguka sebule akitazama kitu kimoja kimoja. "Wewe iko nauza nyumba yote! Mimi takaa wapi, juu ya simiti?" Nikamwambia nikipata kazi tutanunua vingine. Akasema kitanda chake nisikipige picha.

Ijumaa, 12 Septemba

Watu wa mtandaoni! Hawanunui, wanaongea tu. Mmoja anauliza kama sofa ilikaliwa na ndovu. Mwingine: "Madam umefungua duka? Kodi unalipa?" Na vicheko vitatu mbele.

Huyo wa kodi amenikaa moyoni. Mimi! Miaka sita nimekata kodi kwenye mishahara ya watu hamsini, hadi wakanibandika jina Mama Makato. Madereva waliniomba niwafichie marupurupu ya safari, nikakataa, wakaacha kunisalimia. Leo mimi ndiye ninayeuza kichinichini?

Nimempigia Jepchirchir, rafiki yangu Mkenya wa benki. Amecheka sana. "Apajok, wacha kujitesa. Sofa ulinunua ngapi, na unauza ngapi? Si ni hasara tupu? Faida haiko, watatoza nini? Sasa ukianza kununua sofa za watu ndio uuze, hiyo ni biashara, enda ujiandikishe." Kweli. Hata mimi ningemwambia mtu hivyo hivyo. Mganga hajigangi.

Jumapili, 14 Septemba

Sofa imeenda jana. Televisheni imechukuliwa na Majur, jirani wa ukuta mmoja, kwa hiyo tutaendelea kuisikia bure. Zote mbili hazijafika nusu ya nauli. Friza ndiyo itakayonipeleka Nairobi.

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikaa nikifikiria friza. Maana hiyo sikuinunua. Siku ya kufunga ofisi, Gerishon, bosi wetu, aligawia wafanyakazi vitu vya ofisini badala ya kutoa hotuba. Mimi nikapata friza. Ubavuni ina stika ya njano: jina la shirika, na namba. Kwenye picha yangu stika inaonekana kuliko friza yenyewe.

Na kuna kitu kinanijia akilini kuhusu friza hiyo. Sitaki kije.

Jumatatu, 15 Septemba

Kimekuja. Flashi ya kazini bado ninayo, nimeifungua. Friza iliingia nchini bila ushuru, kwa kuwa ilikuwa ya shirika. Barua ya kuomba msamaha wa ushuru ipo humo: vifaa ni vya matumizi ya shirika tu, havitauzwa wala kupewa mtu mwingine kabla ya ushuru kulipwa. Barua safi, hakuna kosa hata moja. Lazima iwe safi, niliichapa mimi! Gerishon alikuwa likizo. Sahihi iliyo chini, kwa niaba yake, ni yangu.

Mjinga mimi. Siku ile naibeba kwenye bajaji nikishangilia, nilifikiri nimebeba mkate?

Nimempigia Gerishon. Yuko kwao Thika, siku hizi anafuga kuku. "Ai, Apajok, wewe uza tu! Mimi nilikupea na roho safi. Nani atakuuliza?" Nikamwuliza kama aliandika popote kwamba amenipa. Akasema kuku wanamsumbua, tutaongea.

Jumatano, 17 Septemba

Mteja! Anaitwa Aleer, anauza soda na maji baridi mtaa wa Hai Jalaba. Ameichomeka kwenye umeme, ameitegea sikio, amefungua, amefunga. Bei amekubali bila kubishana, na hilo ndilo limenitia wasiwasi. Kisha akakwaruza stika kwa ukucha. "Hii si shida. Petroli kidogo tu, khalas, kwisha." Atarudi Ijumaa na pikapu, pesa zote mkononi. Shangazi amemtilia chai sukari ya wageni.

Nimemwambia asubiri nimpigie kwanza. Amesema sawa, ile sawa ya mtu ambaye hakusikiliza.

Alipoondoka nikachukua kisu cha jikoni. Nilitaka kujua tu kama stika inatoka. Imetoka nusu. Jina la shirika limechanika, namba imebaki. Nimeona aibu, aibu ya kweli. Nikakaa chini, maana sofa hakuna, nikalia kidogo. Kazi ninayoiendea Nairobi ni ya kulinda hesabu na mali za shirika!

Alhamisi, 18 Septemba

Nimeamua. Kesho asubuhi naenda ofisi ya ushuru. Niulize ni kiasi gani, nilipe kwa pesa za Aleer, zitakazobaki ziwe nauli. Zikibaki. Jumapili lazima niwe kwenye ndege. Nimepanga maneno yangu mara kumi na kuyapangua mara kumi. Sahani nimeirudisha jikoni bado imejaa. Shangazi anasema nina malaria.

Ijumaa, 19 Septemba. Kwenye benchi, ofisi ya ushuru

Saa nne. Mlangoni nimeandika jina na kutia sahihi kwenye daftari la wageni. Dirisha la tatu, mama mmoja ana miwani ya kamba. Nilipofika mbele yake maneno yote yakanikimbia. Nikasikia mdomo wangu ukisema: nina rafiki, alipewa friza na shirika, anataka kuiuza, anauliza ushuru.

Rafiki! Rafiki gani?

Mama amenitazama vizuri. Anasema wengine huja hapa wakiwa wameshikwa, hawaji kwa miguu yao. "Huyo rafiki yako mtu mzuri. Barua ya msamaha iko?" Nikatoa kwenye mkoba nakala niliyoichapisha jana, nikampa. Hivyo tu! Ameniambia nikae, amepeleka kwa mkubwa wake ndani.

Saa nne na nusu. Shangazi amepiga. Aleer amefika, na pikapu, na vijana wa kubeba, na pesa amezipanga juu ya friza. Hakungoja simu yangu. "Wabebe? Mimi nasema wabebe, yala, haraka!" Nikasema ngoja shangazi, usiwaache wabebe, ngoja — mtandao ukakata. Nimetuma ujumbe: WASIBEBE. Tiki moja, haujafika.

Bado tiki moja.

Mlango uko wazi. Hatua kama nane. Ningeweza kutoka, nikasema nimeenda kununua maji. Lakini barua iko ndani. Na nikitoka leo, Jumatatu nitakaa mbele ya wale watu wa Nairobi niwaambie nini? Nimebaki.

Mama wa miwani ametoka, ameiweka barua yangu dirishani. Hakuja kwangu. Amepita hadi mlangoni, amechukua daftari la wageni, amelileta dirishani, amelilaza karibu na barua yangu. Anapitisha kidole kwenye majina na sahihi. Anatazama barua. Anatazama daftari. Hana haraka.

Simu imetetemeka. Shangazi: "Friza imeenda. Pesa iko na mimi. Mungu mkubwa."

Mama wa miwani anaita. "Apajok! Ingia ndani. Na huyo rafiki yako mwenye friza, ingia naye."

Naandika nimesimama —