Jina la Ndekirwa

Baba yangu,

Shikamoo. Kabla hujaendelea kusoma, pokea hilo jani alilonalo mama. Nilimwomba alikate kwenye masale ya mpakani, kule upande wa makaburi, akukabidhi pamoja na barua hii. Yeye amelishika kwa niaba yangu tu. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba Mchagga akiletewa isale hawezi kukataa kusamehe, na huku Ujerumani isale haipo. Niliulizia hadi duka la maua, yule mama akanionyesha majani mengine kabisa, nikatoka mikono mitupu. Ndiyo maana sikukupigia wewe simu. Jani halipiti kwenye simu, na aliyebeba barua hii ni mwenzangu wa Kibosho anayekuja likizo.

Goti lako linaendeleaje? Mama aliniambia siku hizi unapanda shambani kihambani kwa fimbo, na kwamba mvua imeangusha migomba miwili karibu na banda. Waache vijana waiondoe, baba. Usijifanye una nguvu za zamani.

Mimi mwili ni mzima ila nimechoka sana. Tunakamua alfajiri, tunakamua tena jioni, katikati ni kufagia samadi na kubeba majani. Mgongo unauma hata nikikaa. Ng'ombe ni wengi mno, kila mmoja ana namba sikioni, hakuna mwenye jina. Kuna mmoja mweusi anafanana na yule wetu wa bandani, basi namwita Malaika. Mwenye shamba alinisikia, akauliza Malaika ni nani. Nikamwonyesha. Akacheka, akasoma namba yake kwa sauti, akaenda zake.

Sasa nifike pale ninapoogopa kufika. Mtoto alipozaliwa, ulinipigia ukiwa na furaha, nikasikia hadi vikombe vya pombe ya mbege vikigongana. Ukasema, "Huyo ni Ndekirwa. Usiniletee jina lingine." Nikakwambia tulishampa mwingine jina hilo, na tulimzika. Ukanijibu taratibu, "Jina halijafa, Aminieli. Aliyefariki ni mtoto. Mpe huyu." Nilikuwa nimetoka zizini, sikuwa nimelala siku mbili. Nikasema lile neno, kwamba jina lako limeshaua mtoto mmoja, linataka na wa pili. Halafu nikasikia umeweka simu mezani bila kuikata, mama akawa anauliza kuna nini.

Baba, naona aibu. Sina kisingizio. Uchovu haukunipa lile neno, lilikuwa moyoni mwangu siku zote, na nilikuwa nalilaza huko kama mtu mwoga.

Tangu hapo nimekuwa nikizikumbuka Krismasi zetu, ukoo mzima ukiwa umepanda kutoka mijini, wewe umekaa kwenye kile kigoda ukituhesabia kina Ndekirwa. Mimi nilikuwa nasubiri nyama tu. Ulianza na babu yako, aliyechimba mfongo unaotuletea maji hadi leo. Ukaja kwa binamu yako, yule mpagazi wa mlimani aliyembeba mwenzake mgonjwa mgongoni kutoka kwenye theluji, akapoteza vidole viwili vya mguu na akawa anavidai kila akilewa. Ukamaliza na wewe mwenyewe, ukijisifia kahawa. Mama akawa anakohoa ili uache.

Lakini kuna sehemu ulikuwa unaipita haraka, nami nimeifikiria nikikamua, ng'ombe hadi ng'ombe. Mama yake yule wa mfongo alikuwa ameshazika wavulana wawili. Wa tatu alipougua, alikataa apewe jina. Walimwita mtoto tu, hadi alipopona na kuota meno. Ndipo wakasema Ndekirwa, nimeokolewa. Kwa hiyo baba, yule bibi naye aliogopa. Jina lenyewe lilianza na mama aliyeogopa, na hakuna aliyemwita mkaidi.

Nilimsimulia mke wangu Neema hayo jana, akinyonyesha. Akasema, "Baba anadhani nalichukia jina lake. Siku kumi na moja niliitwa Mama Ndekirwa. Baada ya mazishi hakuna aliyeniita hivyo tena, hata wewe. Naogopa kuitwa tena halafu mninyamazie." Nililia mbele yake, baba, mimi mtu mzima.

Baadaye akasema, "Kama ni Ndekirwa, basi baba amwite mwenyewe. Nataka kulisikia kwa mdomo wake." Ofisi ya vizazi inataka jina kabla mwezi haujaisha. Karatasi iko juu ya kabati, nafasi ya jina iko tupu. Mtoto ni mzima, ana paji lako la uso, na anapiga kelele kuliko mashine za kukamulia.

Mwambie mdogo wangu Eliapenda asiuze yule ndama, nitakuja kumwona. Msalimie shangazi wa Kiboriloni, na mchungaji aliyetuzikia mwanetu. Mama mwambie asante kwa kutembea hadi mpakani na miguu yake ile.

Ukilipokea jani, nipigie. Usihangaike kuongea na mimi, ya kwangu yote yamo humu. Nitaiweka simu sikioni mwa mtoto, umwite. Halafu nitampa Neema, naye umwite.

Mwanao mkosaji,
Aminieli