Hitma ya Bwana Meneja na Lori la Kakuyuni

Malindi, Jumapili, 1986

Jua limewaka tangu asubuhi kama lina ugomvi na mtu, na sasa jioni hii kunanyunya. Miguu imenivimba, leso yangu inanuka pilau, na mbavu zinaniuma kwa kucheka. Sikutarajia kuandika hilo la mwisho leo.

Leo ilikuwa arobaini ya Bwana Omari, meneja wetu wa benki. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpigia taipu barua zake, na mchana ule alipoanguka ofisini mimi ndiye niliyesikia kiti kikigonga sakafu. Hilo nimeshaliandika humu na sitaki kulirudia. Leo nataka kumwandika jinsi alivyokuwa mzima.

Alikuwa mtu wa tai. Tai kazini, tai sokoni, tai hata Jumamosi alipokuwa akipakia saruji kwenye buti la gari lake kuukuu na kuipeleka kwetu Kakuyuni, ambako kina mama walikuwa wakijifungulia njiani kwa kukosa mahali. Chumba cha wazazi sasa kipo, kina vitanda na tangi la maji, na jina lake halipo ukutani kwa sababu alikataa katakata. Siku ya harambee, wakubwa walikuwa wakigombania kipaza sauti. Yeye alishusha mifuko yake na kuondoka kabla ya hotuba. Aliniambia hotuba zinamtia usingizi.

Na benki alikuwa mgumu, nisimpambe. Mtu akija kuomba mkopo, kwanza alitazamwa juu ya miwani, kimya, mpaka viganja vitoke jasho. Kisha likaja swali, lile lile kwa kila mtu: "Umekunywa chai?" Aliyesema hapana alitumwa mkahawa wa jirani akale kwa hesabu ya meneja, ndipo arudi wazungumze. Alisema mwenye njaa atatia sahihi karatasi yoyote. Basi watu walimwogopa huku wameshiba.

Mjane wake, Bi. Rukia, mama yake Fatma, anakaa eda na hatoki nyumbani, kwa hiyo wanawake walisoma hitma ukumbini kwake, na wanaume msikitini. Mimi ni Mgiriama na ni mtu wa kanisa (padre atauliza leo nilikuwa wapi, nami nitamwambia), hivyo kazi yangu ilikuwa kupakua na kupitisha kahawa. Lakini macho yangu yalikuwa kwa Bi. Rukia.

Tangu msiba, mama huyu amekuwa akijibu watu kwa kichwa tu. Yeye ambaye zamani ukipita dirishani kwake lazima akutupie neno la utani. Nimekuwa nikimpitia kila nikitoka kazini, nakaa naye, namsimulia mambo ya benki, naye ananitazama kana kwamba niko ng'ambo ya barabara. Imekuwa ikiniuma kuliko kifo chenyewe.

Nyumba imeshikwa na wifi yake, Bi. Mwanaisha, dada wa marehemu, na ameishika barabara. Juzi alinivuta kando. "Kadzo mwanangu, siku ya hitma nataka utulivu. Asije mtu akamtonesha kidonda huyu." Nikamwahidi.

Kisha likaja lori.

Lori la mchanga, limejaa wanawake wa Kakuyuni na leso zao nzuri, kuku, mihogo, korosho, kayamba na ngoma. Habari ya siku ya hitma niliwapelekea mwenyewe, na haikunipitia kichwani kuwaeleza kitu zaidi. Kwetu, mzee aliyeishi vizuri haagwi kwa kunong'onezana. Machozi yana siku zake, mwanzoni. Zikipita, watu hucheza, na anayejua humwigiza marehemu, alivyotembea, alivyonuna, alivyowasumbua watu. Kwao arobaini ilikuwa ndiyo siku hiyo. Kuja kimya kungekuwa kumdharau.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nilitoka mbio na sinia mkononi. Wa kwanza kushuka alikuwa Mama Dama, kiongozi wao, ambaye mjukuu wake ndiye mtoto wa kwanza kuzaliwa katika kile chumba. Amevaa koti la kiume juu ya leso, na tai ameifunga shingoni kama kamba ya mbuzi. Nikamweleza mbio mbio: hapa panasomwa, mjane yumo ndani, tafadhali. Akanisikiliza kwa adabu zote.

"Ngoma zitakaa kwenye lori," akasema. "Lakini koti hili nimeliazima kwa fundi cherehani, mwanangu. Sikuliazima lije likae."

Bi. Mwanaisha alikuwa ameshafika mlangoni. Wakamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na jicho lake halikutoka kwenye tai. "Karibuni. Na hayo mavazi?"

Kabla Mama Dama hajajibu, sauti ikatoka ukumbini, kavu kidogo kwa kutotumiwa. "Ni kina nani hao?"

Ilikuwa ya Bi. Rukia.

"Ni watu wa Kakuyuni, Bi," nikasema.

"Waambie wapite. Hao ndio walokuwa wakinichukulia Jumamosi zangu."

Wakaingia, wakakaa upande wa nyuma, na wakatulia mpaka dua ikaisha, hata nikaanza kupumua. Pilau ikaliwa. Nikafikiri tumevuka salama. Ndipo Mama Dama akainuka bila kumwomba mtu ruhusa, akafunga kifungo cha koti, akatia mikono nyuma na kuanza kutembea katikati ya sahani, kifua mbele. Mwenzake mmoja akapiga magoti mbele yake na kuomba mkopo wa kununua mbuzi. Mama Dama akazungusha vidole viwili machoni kuwa miwani, akamtazama kwa juu. Akamtazama tena.

"Umekunywa chai?"

Ilikuwa sauti yake hasa Bwana Omari.

Bi. Mwanaisha akasimama. Bi. Rukia akajifunika uso kwa mtandio wake mweupe, na mabega yakaanza kumtikisika. Mimi nikaweka sinia chini. Nilijua nimevunja ahadi, na kwamba kuanzia leo watu wangu hawatakanyaga tena nyumba hii.

Mtandio ukashuka. Alikuwa anacheka. Anacheka mpaka hana pumzi, machozi yanamtiririka, anajipigapiga pajani.

"Siye hivyo," akasema alipoweza kusema. "Huyo unomtembea ni askari. Omari wangu akiburura mguu wa kushoto. Kiatu kikimbana, na kununua chengine hataki, ati hiki bado kizima."

Ukumbi ukapasuka. Mama Dama akaburura mguu. "Si hivyo, kidogo zaidi," akaambiwa, akaburura zaidi. Jirani mmoja akakumbusha alivyokuwa akikohoa kabla ya kukataa jambo, kikohozi nacho kikaongezwa. Bi. Mwanaisha alikuwa bado amesimama, amekaza midomo, nami namwangalia kwa hofu. Mwisho akasema, kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani, kwamba ule mguu aliuburura tangu utotoni, viatu vinasingiziwa bure. Kisha akaketi na kucheka hadi akamwaga kahawa juu ya mkeka. Bwana Omari angechukia kila dakika ya jambo hili, na ninaamini angesimama nje ya dirisha asikilize.

Tulipokuwa tumechoka na kila mtu anajifuta macho, Bi. Rukia akamwita Mama Dama karibu.

"Dadangu, n'fanyie tena mara moja. Toka hapa n'lipo mpaka mlangoni. Taratibu."

"Na kikohozi?"

"Bila kikohozi. Tembea tu." Akanyoosha mtandio magotini. "Asubuhi ile alipoaga n'likuwa jikoni nageuza mahamri. N'kamjibu bila kugeuka. Sikumuona akitoka."

Hakuna aliyecheka. Mama Dama akaiweka tai sawa, safari hii vizuri, akaanza kutembea. Hakuigiza tena. Alitembea tu, mguu wa kushoto ukisugua sakafu, akapita katikati ya wanawake waliokuwa wakimkunjia miguu apate njia, mpaka kizingitini. Hapo akasimama, mgongo kwetu.

Bi. Rukia alimtazama njia nzima, hakupepesa.

"Haya, Baba Fatma," akasema. "Nenda na salama. Nimekuona."

Sasa ni usiku na mvua imekaza. Mama yangu yuko chumba cha pili, anasafisha mchele wa kesho na kuimba kwa pua kama kawaida yake. Huwa naondoka asubuhi naaga kwa sauti tu kutoka uani, naye huitika tu kutoka ndani. Kesho nitaingia alipo, na sitaondoka mpaka ageuke.